Kuku wa kupaka wa Kibokoni na tui lisilokatika

Nimekula katika mkahawa huu mara tatu kwa muda wa wiki sita, mara mbili usiku na mara moja mchana wa Jumamosi, na kila mara niliagiza kuku wa kupaka, kwa sababu ndiye anayewafanya watu wa Mji wa Kale wa Mombasa wasimame mlangoni wakingoja meza ilhali majumbani mwao kumepikwa. Mlango wenyewe hauna kibao. Ukitoka Fort Jesus, ishike Ndia Kuu, kisha uingie Kibokoni na umuulize yeyote aliyeketi barazani, hakuna asiyepajua. Ndani mna meza saba, feni mbili za darini, na dirisha dogo linalotazama ua ambako jiko la makaa limewekwa, kwa hivyo mteja aliyeketi upande huo humwona mpishi akifanya kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Nianze na mchuzi, maana ndio nilioufuata. Anayeujua upishi wa Pwani anafahamu kwamba uzito wa kuku wa kupaka hautoki kwenye unga wala kwenye krimu. Unatoka kwenye nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji machache ya uvuguvugu na kukamuliwa, na tui hilo la kwanza, ambalo ndilo zito, huwekwa kando. Kisha hutiwa maji mara ya pili ili kupatikana tui jepesi. Tui jepesi ndilo linalotangulia jikoni, likapikwa pamoja na tangawizi, kitunguu thomu, manjano na pilipili mbichi, na lile zito huingia mwishoni, moto ukiwa umeshapunguzwa, huku mpishi akikoroga pasipo kupumzika. Akigeuka kumjibu mtu, mchuzi ukachemka kwa nguvu, tui hukatika: mafuta hupanda juu, maji hubaki chini, na chembe nyeupe zikaelea katikati. Likishakatika, ladha huenda ikabaki, lakini ule ulaini unaoupaka ulimi umeondoka.

Usiku wa kwanza nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa Lamu, ambaye amepika arusi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na ambaye hasifu chakula cha kununua kwa urahisi. Sahani ilipofika hakumgusa kuku. Alimega kipande cha boflo, akakichovya pembeni ambako mchuzi ulikuwa mwingi, akakila taratibu, kisha akakimega kingine. Baadaye ndipo aliposema: "Hili halikukatika, wala halikutiwa unga. Hapa pana mtu anayekaa na sufuria yake." Mpishi, mama wa makamo, alipopita karibu nasi alimwamkia shikamoo, na shangazi akamwitikia marahaba, halafu akamuuliza kama nazi zilikunwa siku ile. "Leo hii, mama, baada ya Alasiri," alijibiwa, na mazungumzo yakahamia kwenye nazi za Lamu na bei yake ya siku hizi.

Kuku naye anastahili maelezo, kwa kuwa wengi hupika mchuzi mzuri kisha wakautia nyama iliyochemshwa tu. Jina la chakula hiki limetokana na kitendo: kuku hurowekwa kwa ndimu, chumvi, thomu na tangawizi, akawekwa juu ya makaa, na hupakwa mchuzi huku akiendelea kuchomwa. Kutoka dirishani nilihesabu mara tatu ambazo mpishi alimpaka kuku wetu na kumrudisha motoni, na kila mara alingoja mchuzi ukauke juu ya ngozi kabla ya kumpaka tena. Matokeo yake niliyaona kwenye bawa. Ncha yake ilikuwa nyeusi, na katika mikunjo ya ngozi mchuzi ulikuwa umekauka ukawa utando wa rangi ya dhahabu, wenye ladha ya moshi na ukali wa pilipili, ilhali mchuzi uliomiminwa mwishoni ulikuwa mwororo na mtamu kwa nazi tupu. Ladha hizo mbili katika tonge moja ndizo sababu ya kurudi kwangu.

Jumamosi mchana mambo hayakuwa hivyo. Kuku aliletwa upesi mno, ngozi yake ikiwa imepauka, bila alama ya wavu wala harufu ya moshi, na nilipouliza, kijana anayehudumu alikiri kwa adabu kwamba wageni walikuwa wengi na makaa hayakutosha. Mchuzi ulikuwa ule ule mzuri, lakini kilichokuwa mbele yangu ni mchuzi wa kuku wa nazi, chakula halali na kitamu, ila si cha kupaka, nami nililipa bei ya kupaka. Mteja angestahili kuambiwa kabla ya kuagiza. Ninayasema haya kwa sababu mkahawa unaoweza kupika kama nilivyokula usiku hauna haja ya kumficha mtu jambo.

Hata hivyo, kosa hilo ni dogo nikilinganisha na sahani niliyoletewa mwaka huu katika mkahawa mmoja wa upande wa Nyali, kwa bei iliyokaribia maradufu, ambako mchuzi ulifanywa mzito kwa unga. Ni rahisi kuutambua: acha sahani ipoe kidogo, na mchuzi wa unga utafanya ngozi juu na kugandamana kama uji uliolala, ilhali wa tui hubaki laini na huteleza ukiinamisha sahani. Wapo pia wanaoufananisha mchuzi huu na kuku makhani wa Kihindi, ambaye mikahawa kadhaa ya Mombasa humpika vizuri sana, lakini yule asili yake ni Delhi na uzito wake umetokana na siagi, krimu na nyanya. Ndugu wa karibu zaidi ni kuku paka wa Wahindi wa Afrika Mashariki, ambao waliongeza mayai ya kuchemsha na viazi, wakahama nacho hadi Uingereza na Kanada. Hapa Kibokoni hamna yai wala kiazi ndani ya mchuzi, na mimi napendelea hivyo.

Kuhusu cha kulia, ushauri wangu ni mmoja: usiagize wali wa nazi. Wao wanaupika vyema, punje zimeachana, lakini nazi juu ya nazi huchosha kabla ya nusu ya sahani. Chukua mofa au boflo, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu ya kutosha kuukata uzito wa tui. Juisi ya ukwaju husaidia kwa sababu hiyo hiyo. Robo ya kuku tulilipa shilingi 400, nusu 750, na juisi 100. Unaweza kulipa taslimu au kwa M-Pesa. Kuku wa kienyeji lazima umwagize siku moja kabla, na hata yule wa kawaida huisha mapema, kwa hiyo anayefika baada ya saa tatu usiku hujikuta akila samaki. Ijumaa hawafungui mpaka swala iishe. Kizingiti cha mlango kiko juu na hakuna cha kushikilia, kwa hivyo aliye na mzee inambidi amshike mkono, kama nilivyofanya.

Shangazi aliondoka na mchuzi uliobaki, umefungiwa katika kikopo. Asubuhi aliutoa kwenye friji ukiwa umefunikwa na mafuta meupe yaliyoganda, akautia katika sufuria ndogo juu ya moto mdogo, akakoroga kwa mwiko huku mahamri yakingoja mezani. Ulipopata moto aliniita niuangalie: tui lilikuwa limerudi laini kama la jana yake, bila chembe hata moja.