Aksharamukha: kigeuzi cha hati kwa wanaochapa Kisanskriti Nairobi

Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hakifungwi na hati moja. Devanagari, hati inayoandika pia Kihindi, ndiyo iliyotawala vitabuni tangu karne ya 19, lakini sala zilezile huandikwa kwa herufi za Kigujarati, Kibengali, Kitelugu na Kimalayalam, na kwa Grantha huko Tamil Nadu. Kashmir ilikuwa na Sharada yake. Kwa wachapaji wa Ngara au Kirinyaga Road, tatizo ni kwamba mteja analeta sala kwa Devanagari, kisha anataka vijitabu vya wazee wanaosoma Kigujarati na vya vijana wanaosoma herufi za Kilatini tu. Kuandika upya kwa mkono ni kukaribisha makosa. Aksharamukha hufanya kazi hiyo bure mtandaoni: chagua hati ya kutoka na ya kwenda, bandika maandishi, geuza. Inajua hati zaidi ya 100, pamoja na IAST, mfumo wa Kilatini wenye nukta na mistari.

Tunaisifu zaidi kwa konsonanti zinazoshikana. Ijaribu kwa neno kārtsnya, कार्त्स्न्य, lenye konsonanti tano mfululizo. Kigujarati kinatoka કાર્ત્સ્ન્ય, hakuna iliyodondoka.

Mara nyingi kinachoiangusha ni faili la mteja. Maandishi ya fonti za zamani kama Kruti Dev huonekana Devanagari kwa macho, kumbe ndani ni herufi za Kilatini zilizovishwa sura nyingine. Ukiyageuza unapata takataka. Badilisha fonti iwe Arial: yakigeuka Kilatini, hayafai, yabadilishwe kwanza kuwa Yunikodi, mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi namba yake. Kosa la pili ni nukta mbili za kawaida kuwekwa mahali pa visarga (ः), alama ya pumzi ya h mwishoni mwa silabi. Kigeuzi hakiwezi kubahatisha, kwa hiyo namaḥ inatoka "nama:" ukurasa mzima. Tafuta na ubadilishe kabla ya kugeuza.

Kuna pia hasara ambayo hakuna programu inayoweza kuizuia. Kibengali huandika b na v kwa herufi moja, ব, basi bāla na vāla hufanana kabisa. Ukirudisha Devanagari, tofauti imeshapotea. Kitamil nacho kina herufi moja, க, kwa ka, kha, ga na gha, hivyo hutenganishwa kwa tarakimu ndogo pembeni. Msomaji wa sala huchoka haraka. Kama anaijua Grantha, mpe hiyo. Faili mama libaki Devanagari au IAST, na kila hati nyingine itolewe humo moja kwa moja.

Baada ya kugeuza, fonti za Noto zinatosha kwa karibu hati zote hizi, nazo ni za bure. Kwa IAST, Gentium ina ṛ, ṣ na ḥ zote. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, chagua mpangaji wa aya wa World-Ready, la sivyo irabu i fupi ya Devanagari itakaa kulia kwa konsonanti badala ya kushoto, na virama (alama za kuonyesha konsonanti haina irabu) zitajitokeza wazi. Grantha hurundika herufi kwenda chini: kwa ukubwa wa pointi 12, anza na nafasi ya mistari ya pointi 20. Sala za Veda zenye alama za sauti ziachwe Devanagari, kwani fonti nyingi za Kigujarati huziweka mahali pasipo pake.