Nilivyopata supu ya utumbo Houston: uzoefu wangu wa kunywa chai nje

Natoka zamu saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee usiku, hapa Houston, Texas, na nikishatoka sina nguvu ya kurudi nyumbani kuwasha jiko. Kwa hiyo mwaka wa tatu huu chai ya asubuhi nainywea njiani, na nimeshaingia sehemu nyingi za kutosha kuwaelekeza ndugu wanaohamia huku waende wapi na waagize nini.

Nianze na daina, ile migahawa ya Kimarekani yenye kaunta ndefu na viti vya kuzunguka. Chakula chake ni kilekile kila uendako: mayai mawili, viazi vilivyokunwa na kukaangwa mpaka vikakauka juu, tosti, na bekoni au soseji. Huku kusini wanaweka na grits, ambayo ni uji mzito wa mahindi meupe uliotiwa siagi. Mimi naupenda ukiwa na chumvi na pilipili manga. Kahawa unalipia kikombe kimoja, halafu mhudumu anapita na jagi anakuongezea mpaka umwambie inatosha. Baada ya saa 12 za kusimama, kuna raha kubwa kukaa pale kaunta bila mtu kukuharakisha.

Chai ndiyo iliyonishinda. Mara ya kwanza niliomba chai nikaletewa glasi kubwa ya chai baridi yenye barafu, maana Texas ukitaja chai bila kufafanua wanaelewa hiyo. Nikafafanua. Kikaja kikombe cha maji ya uvuguvugu, kipakiti cha majani pembeni na vikopo viwili vidogo vya maziwa baridi. Majani hayakutoa hata rangi. Tangu siku ile, daina nakunywa kahawa tu.

Halafu kuna bili. Mayai na viazi dola 13, kahawa dola 3, kodi ya mauzo hapa mjini asilimia 8.25, na bakshishi ya asilimia 20: unatoka umeacha zaidi ya dola 20. Bakshishi msiibanie, nawaomba. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na Texas wanakifuata hichohicho. Bakshishi isipofikisha dola 7.25 kwa saa mwajiri anatakiwa kujazia, lakini mhudumu anategemea mkono wako. Ila someni bili kwanza. Kuna sehemu moja walishaiweka bakshishi ndani ya jumla, kwa maandishi madogo, nami nikaongeza nyingine juu yake. Nilipogundua nilikuwa nimeshafika kwenye gari. Sikurudi siku ile, na sijarudi tena.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Ukanda wa Gulfton na Hillcroft umejaa watu wa Mexico, El Salvador, Honduras na Guatemala, na migahawa yao inafungua alfajiri kwa ajili ya mafundi wa ujenzi. Jumamosi moja niliingia kwenye mmoja wa Kimexico kwa sababu ya harufu tu. Nikaona kila meza ina bakuli la mchuzi mwekundu. Nikanyoosha kidole: naomba kile. Bakuli likaja. Ndani yake ulikuwa utumbo wa ng'ombe uliokatwa vipande vya mraba, laini, na kipande cha kwato. Pembeni kisahani cha ndimu, vitunguu vilivyokatwa vidogo, pilipili ya kusaga na oregano kavu ya kufikicha kwa vidole. Mimi nimekulia Morogoro, supu ya utumbo na chapati kabla ya kazi ndiyo asubuhi yenyewe. Nilikamua ndimu, nikaonja, nikaweka kijiko chini kwanza.

Wao wanaita menudo. Tofauti na yetu ni rangi, inayotokana na pilipili kavu zisizo kali sana, na punje kubwa za mahindi yaliyochemshwa na chokaa mpaka maganda yakatoka. Hiyo chokaa ndiyo siri ya vyakula vyao vingi. Niliwahi kujaribu kutengeneza tortilla, mikate yao myembamba kama chapati, nyumbani kwa unga wa sembe, zikapasuka zote. Unga unaotakiwa ni wa mahindi yaliyopita kwenye chokaa. Huo ndio unaoshikana.

Kwa Wasalvador utamu uko kwenye pupusa. Kaeni karibu na jiko muone. Mama anapaka mikono mafuta, anachukua donge la unga wa mahindi, analibonyeza katikati kama kibakuli, anatia jibini na maharage yaliyopondwa, anafunga, halafu anapiga kofi huku na huku hadi linakuwa duara, linaenda kwenye chuma cha moto. Linaliwa kwa mkono, na kabichi iliyochachushwa kwa siki juu yake, nayo haiko mbali na kachumbari. Ukiwa na njaa zaidi agiza sahani yao ya asubuhi: mayai, maharage, krimu, jibini na ndizi. Ndizi zenyewe ni mzuzu kabisa, zimeiva mpaka ganda jeusi ndipo zikakaangwa. Wali wakiuchanganya na maharage wanauita casamiento, yaani ndoa.

Chai ya maziwa huko pia hakuna, nisiwadanganye. Lakini ulizieni café de olla kwa Wamexico: kahawa iliyochemshwa na mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru. Siku ya baridi kuna atole, uji wa mahindi mtamu, wa kunywa.

Kwa wasiokula nguruwe, kuweni makini. Rafiki yangu wa Unguja alikula maharage mara mbili kabla hatujajua kwamba sehemu nyingi huyakaanga kwa mafuta ya nguruwe, na iliniuma kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka. Ulizeni kama yana manteca, ndiyo mafuta hayo ya nguruwe. Hata daina, mayai hupikwa kwenye bamba lilelile la bekoni. Yeye siku hizi akifuatana nami anachukua kahawa na matunda tu.

Yule mama wa supu ananiita mija, mwanangu, nami namwita señora kama ambavyo nyumbani ningemwita mama. Bakuli kubwa ni dola 12 na mara nyingi linanitosha hadi jioni. Menudo wengi wanapika Jumamosi na Jumapili tu, nayo inawahi kuisha. Mimi najitahidi niwe nimefika kabla ya saa 3.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kaka mmoja wa Tabora, mgeni, hana mwezi hapa mjini. Alitazama bakuli, akanitazama, akauliza kama kuna chapati. Zikaletwa tortilla za unga wa ngano, za moto, zimefungwa kwenye kitambaa. Akachana, akachovya. Hakuongea tena mpaka bakuli lilipofika nusu, akauliza kwa Kispanyola wanasemaje, niongezee mchuzi.