T. V. Soong na H. H. Kung: mashemeji wawili, hazina moja

Ukoo wa Soong wa Shanghai ulishika hazina ya China kwa zamu. T. V. Soong, msomi wa Harvard, alikuwa waziri wa fedha kuanzia 1928 hadi 1933, akampisha H. H. Kung, mume wa dada yake Ai-ling, aliyekaa hadi 1944. Bosi wao, Chiang Kai-shek, kiongozi wa China, naye shemeji: alimwoa Mei-ling, dada mwingine wa Soong, mwaka 1927.

Soong alikuwa mkali wa bajeti. Alifuta likin, ushuru uliotozwa bidhaa vizuizini zikiwa njiani, na akambania Chiang pesa za kuwapiga wakomunisti. Hapo ndipo walipokosana, akaondoka. Kung hakuwa na ubishi huo. Chiang akitaka, analipwa. Ila mageuzi makubwa kuliko yote yalikuja enzi zake: mwaka 1935 China iliachana na sarafu za madini ya fedha, zikaingia noti za fabi. Vita na Japani vilipopamba moto, noti zikachapwa ovyo, bei zikapaa.

Mimi daftari ningempa Soong. Lakini tusimsafishe mno: akiwa waziri mkuu, aliuza dhahabu ya serikali ili atulize bei, mpango ukaporomoka, na Machi 1947 akajiuzulu.