Gayogayo wa Feri: kwa mkaango, simbadilishi na changu

Wateja wengi wakifika kwenye meza za samaki pale Feri, Dar es Salaam, macho yao yanakwenda kwa changu, kolekole na nguru. Gayogayo amelazwa pembeni, bapa, rangi ya tope, na mara nyingi anabaki mpaka mwisho. Mimi navuka na panton kutoka Kigamboni asubuhi kwa ajili yake. Namsemea leo kwa sababu, kwa samaki wa kukaanga nyumbani, sijaona wa bei yake anayemfikia.

Ninayemzungumzia ni yule mkubwa mwenye mdomo mpana, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Psettodes erumei. Yupo kuanzia pwani yetu na Bahari ya Shamu mpaka Japani na Australia, kwenye mchanga na tope, tangu maji mafupi hadi kina cha mita 100 hivi. Anaweza kupita sentimita 60. Kwa hiyo wale wa ukubwa wa kiganja wanaopangwa mafungu siwagusi: kama si aina nyingine ndogo, basi ni watoto, na hawana nyama ya maana.

Kabla hujatoa hela, mtazame vizuri. Macho yote mawili yako upande wa juu, wa kahawia. Upande wa chini ni mweupe. Hakutoka kwenye yai akiwa hivyo. Mwanzo huogelea wima, jicho huku na jicho kule, kama samaki yeyote. Baadaye, akiwa bado mdogo sana, jicho moja linaanza kuhama, linapanda kichwani kuelekea upande wa pili, naye anashuka chini kulala kwa ubavu. Kwa gayogayo huyu jicho hilo halifiki mbali: linaishia juu kabisa ya kichwa, ukingoni. Pitisha kidole pale utalikuta. Kwa ndugu zake wengi, aina moja huwa na macho kulia na nyingine kushoto, lakini yeye utamkuta wa kulia na wa kushoto kwenye meza moja. Pezi la mgongoni nalo linaanzia nyuma ya macho, na sehemu yake ya mbele ina miiba, kwa hiyo usimkamate ovyo.

Halafu mfunue mdomo. Meno yale ni ya mwindaji. Analala chini amejifukia nusu, rangi yake imeshachanganyika na mchanga, kisamaki kikipita karibu anakiruka. Nadhani ndiyo maana nyama yake ni nene na nyeupe kuliko ya wale wa midomo midogo wanaookota minyoo na vidudu vya topeni. Aliye mbichi kweli upande wake mweupe unang'aa, haujawa wa njano, na mashavu ni mekundu hata kama yana mchanga ndani. Mchanga usikutishe, ndiko anakoishi. Harufu ikikutisha, ondoka.

Kitu kingine ninachompendea: hana hasara. Gayogayo mkubwa hana kibofu cha hewa, na matumbo yake yote yamejibana kwenye kijisehemu kidogo nyuma ya kichwa. Ukitoa matumbo, uzito unaopotea ni mdogo. Wa mwisho niliyemchukua alinitoka shilingi elfu kumi na mbili baada ya kuvutana kidogo na muuzaji. Changu wa uzito ule aliyekuwa jirani yake alikuwa ghali zaidi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo kutotoka, usitegemee bei hiyo.

Huduma ya kuparua ni nzuri, ila sema mapema unachotaka. Kijana aliniuliza, "Mama, nimchune ngozi?" Nikamwambia, "Hapana mwanangu, paa magamba tu, pande zote mbili, kisha mchanje mpaka mfupani." Ngozi ikibaki ndiyo inayokauka vizuri kwenye mafuta. Nimewahi kula hotelini, sitaitaja, minofu ya samaki bapa iliyochunwa na kugandishwa: ilikuwa maji matupu, na bei ilitosha kununua gayogayo wawili wazima.

Wakaangaji wapo hapohapo sokoni. Mimi mwenyewe humpaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, namwacha kidogo, kisha anaingia kwenye karai la mafuta yaliyochemka sawasawa, upande wa kahawia kwanza. Raha yake iko kwenye kula. Mfupa wa katikati umekaa kama chanuo: unapitisha kisu juu yake, unatoa minofu miwili, unaunyanyua mfupa mzima, na chini yake kuna miwili mingine. Wajukuu zangu wanakula bila mtu kukaa roho juu kwa ajili ya miiba, mradi umeondoa ile midogo ya pembeni kwenye mapezi.

Usimchanganye na ndugu yake mdogo mwenye madoadoa, Pardachirus marmoratus, ambaye naye yuko pwani hii mpaka Bahari ya Shamu. Huyo hutoa utomvu mweupe kwenye mashina ya mapezi, na ni sumu. Katika miaka ya 1970 mwanabaiolojia Eugenie Clark alionyesha kwamba papa akimvamia hushindwa kumng'ata, anabaki kinywa wazi. Mimi huyo simnunui.

Kwa mkaango nampa gayogayo nyota tano. Kwa mchuzi wa nazi, tatu, kwa sababu nyama yake inaachana upesi na ukigeuza mwiko mara mbili unabaki na uji wa samaki. Ukitaka mchuzi lazima, mkaange kwanza nusu, mtie tui likishakuwa zito, na usikoroge, tikisa sufuria tu.