Miezi saba na vifaa vya kusikia nyuma ya masikio: mtandio, jasho na kunguru wa Tanga

Kabla sijavaa vifaa hivi, watoto wa mtaani kwetu Ngamiani walishaanza kusema Bibi Mwalimu anaringa. Wananiamkia shikamoo, mimi napita. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nimewagombeza watoto wasiosalimia hata sina hesabu yao, halafu uzeeni nikawa mimi ndiye nisiyeitikia marahaba.

Ajabu ni kwamba sauti nilikuwa nazisikia. Nilichokosa ni maneno. Mkamwana wangu akiniuliza, "Mama, umepika?" namjibu, "Nimefika tangu saa nne." Watoto wanacheka, na mimi nacheka nao bila kujua tunacheka nini. Nilipokwenda kupimwa Dar es Salaam ndipo nikaelezwa: irabu ni sauti nene zenye nguvu, kwa hiyo sikio lililochoka bado linazipata. Zinazopotea ni konsonanti, s na sh na f ambazo ni nyembamba, na p na k ambazo hazina nguvu. Nikawaza, kumbe nimerudi darasa la kwanza, nimebaki na a, e, i, o, u. Grafu ya kipimo changu ilianza vizuri upande wa sauti nene, kisha mstari ukaporomoka kama barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo.

Kijana aliyenipima alinisalimu vizuri, akanionyesha vifaa vya aina mbili tatu. Nilichagua vya kukaa nyuma ya sikio, vyenye mrija mwembamba unaoingia kwenye moldi, yaani kile kipande kinachokaa ndani ya sikio, kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako. Wanakujaza sikioni kitu kama ugali laini, kinaganda kwa dakika chache, wanakitoa, halafu unasubiri moldi. Zangu zilichukua wiki mbili. Kwenye hotuba za serikali vifaa hivi huitwa shimesikio. Mtaani kwetu ni "mashine za masikio" tu. Viwili vilinigharimu shilingi milioni mbili na laki nne, wanangu walichanga. Nilitaka kununua kimoja nipunguze gharama, yule kijana akaniuliza, "Bibi, bodaboda ikipiga honi utajua inatokea upande gani?" Nikanunua viwili.

Kimoja kina alama nyekundu, cha kulia, na kingine buluu, cha kushoto. Mimi nakumbuka hivi: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na mchuzi ni mwekundu.

Siku ya kwanza nusura nivirudishe dukani. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa kama naongea nikiwa ndani ya pipa. Friji ilikuwa inanguruma, kumbe siku zote inanguruma. Karatasi ya maandazi ilipasua kichwa. Na kunguru! Mtu wa pwani anawajua kunguru wetu, lakini miye nilikuwa nimewasahau kwa miaka kama sita, na asubuhi hiyo wakarudi wote pamoja juu ya mwembe. Nilikuwa nimeambiwa nianze na saa mbili kwa siku ndani ya nyumba tulivu, niongeze kidogo kidogo, na nisome gazeti kwa sauti ili nizoee kujisikia. Nilifuata. Wiki ya tatu friji ikanyamaza. Si kwamba imeharibika, ubongo umeacha kuihesabu. Pipa nalo lilipungua baada ya kurudi na kuongezewa upana wa kile kitundu cha hewa kilichomo kwenye moldi. Kwa hiyo ukiona sauti yako inakukera baada ya mwezi, rudi kwa fundi, usikae nayo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mtandio. Maikrofoni ziko juu ya sikio, pale pale kitambaa kinapopita. Mtandio wa hariri ya dukani unaleta mkwaruzo kama mtu anakunja gazeti kando ya kichwa chako kila ukigeuka. Ukiukaza sana, sauti inagonga kitambaa na kurudi, kifaa kinapiga mluzi. Nimejaribu vitambaa vingi, nikaangukia pamba laini, naufunga kwa kulegeza juu ya masikio. Barakoa zenye kamba za sikioni nimeziacha kabisa. Niliwahi kuvua moja hospitali, kifaa cha kushoto kikaruka nayo mpaka chini ya benchi.

La pili ni udhu. Masikio yanapakwa maji, kwa hiyo vifaa vinatoka kila unapotawadha, na sikio linatakiwa likauke kabla hujavirudisha. Wiki za mwanzo sikuwa na mahali maalumu pa kuviweka, nikawa navifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na sarafu, kama tulivyolelewa. Siku moja mjukuu akaichukua ile khanga na kuitumbukiza kwenye beseni la sabuni. Nilisikia? Sikusikia, si viko kwenye beseni! Tulivitoa haraka, tukatoa betri, tukafuta, tukaviweka siku mbili kwenye chupa yenye punje za kukausha unyevu. Cha kulia kilipona. Cha kushoto kilikwaruza wiki nzima ndipo kikatulia. Sasa nina kisanduku kigumu kinachokaa dirishani juu ya birika, na khanga imebaki na sarafu zake.

Jirani alinishauri nivitie kwenye mchele kama simu. Msifanye hivyo, vumbi la mchele linaingia kwenye matundu. Mwingine akasema betri zikae kwenye friji. Nazo hapana, zikitoka huko zinatoa jasho la maji. Zinakaa kabatini.

Betri zenyewe zina elimu yake. Zangu ni namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Zinafanya kazi kwa hewa: ukibandua kibandiko hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaanza kuamka, na toka hapo inakwisha hata kama huitumii. Miye sikulijua hilo. Nilinunua pakiti ya sita, nikabandua zote nikizipanga vizuri mezani kama anayetayarisha vifaa vya darasa. Zote sita zilikufa mapema, kabla ya wakati wake. Sasa nabandua moja, naiacha dakika moja hadi mbili ipate hewa, ndipo naifunga. Kila moja inanipa siku tisa au kumi. Inapokaribia kwisha kifaa kinapiga mlio mfupi. Mara ya kwanza nilitoka nje kutafuta ni simu ya nani. Ya zamani itupeni mbali na watoto wadogo, maana ni ndogo kama kitufe cha shati, na mtoto akiimeza ni hatari kubwa, si ya kusubiri kesho.

Usafi ni dakika tano kila usiku. Kifaa chenyewe kinafutwa kwa kitambaa kikavu tu. Moldi na mrija vinachomolewa, mara moja kwa wiki vinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bila spiriti, halafu vinapulizwa kwa kipira cha hewa mpaka tone la mwisho litoke. Hilo tone ndilo adui wa Tanga. Mwezi wa pili, kaskazi inapovuma na joto haliondoki hata usiku, jasho linajikusanya ndani ya mrija, na tone moja tu linaziba sauti yote.

Hapo ndipo nina lalamiko. Kifaa cha kulia kilinyamaza ghafla, nikakipeleka kwa wakala mmoja wa vifaa hivi aliye karibu zaidi kuliko Dar. Akakigeuza mara mbili, akasema kimekufa, nilipe laki tatu na nusu kisafirishwe. Niliomba nikirudishe nyumbani nifikirie. Usiku nikachomoa mrija, nikapuliza, likatoka tone la maji na kipande cha nta ya sikio kama punje ya mtama. Kikaongea. Mrija wenyewe ulikuwa umeshakuwa mgumu na wa manjano, ukahitaji kubadilishwa, kitu cha bei ndogo kabisa kinachotakiwa kufanywa kila baada ya miezi michache. Ukinunua, uliza kwanza nani atakubadilishia mrija na wapi. Hilo ni muhimu kuliko idadi ya programu, yaani mipangilio ya sauti, walizoandika kwenye boksi.

Visichoweza: harusi. Spika za taarabu, sufuria, akina mama arobaini wakiongea kwa mkupuo. Hapo vinaongeza kila kitu pamoja na nisichokitaka. Nakaa mgongo ukutani, namtazama usoni anayeniambia jambo, na nikichoka napunguza sauti. Simu nayo usiweke kwenye tundu la sikio kama zamani. Ipandishe juu, karibu na maikrofoni, au tumia spika. Nilipoteza wiki mbili nikimwambia mwanangu wa Arusha kwamba mtandao wake mbovu.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua. Mimi nina 66, na mtaa mzima namjua mwingine mmoja tu anayevaa. Wengine wanaringa, nadhani, kama nilivyokuwa naringa mimi.

Saa nne usiku navitoa, navifuta, nafungua vimilango vya betri ili unyevu utoke, naviweka kwenye chupa ya punje. Feni iko juu ya kitanda inazunguka kwa nguvu zake zote, na haitoi sauti hata kidogo.