Kabureta na ridi za tu-stroki: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Niliwahi kununua kabureta mbili kwa injini moja ya tu-stroki, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Ya kwanza niliinunua kwa sababu pikipiki ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, haina sailensa (haikai ikinguruma taratibu bila kushikiwa mafuta), na chujio la hewa lilikuwa linalowa petroli. Ya pili niliinunua kwa sababu ya kwanza haikusaidia kitu. Siku nilipoamua kufungua boliti nne za kizimba cha ridi, kile kinachoshika majani membamba kati ya kabureta na injini, nikakuta jani moja kati ya manne limemeguka kwenye kona, pengo lenyewe halizidi nusu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaweka majani mapya, nikarudisha kabureta yangu ya zamani, ikawaka kiki ya pili. Zile mbili bado ziko kwenye sanduku la spea, mpya kabisa.

Ndiyo maana mpangilio huu hauanzi na kabureta mpya, ingawa ndiyo inayoulizwa kuliko vyote. Unaanza na kitu ambacho kwa pesa kidogo kinatibu injini nyingi zaidi, na unaishia na kile ninachokiona kikinunuliwa sana na kusaidia kidogo.

Kwanza tuelewane kinachofanyika humo ndani. Kwenye tu-stroki yenye ridi, pistoni ikipanda, chumba cha kranki kinabaki na upungufu wa hewa, majani ya ridi yanafunguka, na mchanganyiko wa hewa, petroli na oili unaingia. Pistoni ikishuka, mgandamizo unayafunga majani hayo ili mchanganyiko upande kwenye silinda badala ya kurudi ulikotoka. Sasa jani likiwa limemeguka au limepinda, sehemu ya hewa inarudi nyuma kupitia kabureta. Kabureta haina macho ya kujua hewa inaingia au inatoka: ikipita kwenda inachukua petroli, ikipita kurudi inachukua tena. Kwa hiyo ridi mbovu inajifanya kabureta inayozidisha mafuta. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unajaa, na mwenye chombo anakimbilia kupunguza jeti, yaani kitundu kinachopimia petroli. Kwenye mwendo mdogo anaona nafuu. Kwenye resi kubwa, injini ikizunguka kasi, ambako uvujaji wa ridi hauna madhara sana, injini inabaki na jeti ndogo kuliko inayotakiwa, na kwa kuwa oili inasafiri pamoja na petroli, ukipunguza petroli umepunguza na oili. Pistoni inapata joto, inapanuka, inakwama kwenye silinda.

1. Kiti ya kabureta na jeti chache za orijino

Huu ndio ununuzi wa kwanza, na kwa watu wengi ndio wa mwisho. Kiti, yaani seti ya vipuri vidogo, ya kabureta ya floti (boya linaloelea kwenye bakuli la petroli) kwa kawaida ina gasketi ya bakuli, oringi, na floti vavu inayozuia petroli isizidi kipimo, pamoja na kikalio chake. Floti vavu ndiyo inayochoka mapema. Itazame ncha yake kwenye mwanga: ukiona mstari wa mduara umejichora kwenye mpira, haizibi tena sawasawa, na petroli itakuwa inapanda kupita kipimo hata floti iwe nzima.

Jeti nunua za kampuni iliyotengeneza kabureta yako, wala usiamini namba peke yake. Namba ya jeti za Keihin na Dell'Orto inakwenda na kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, lakini jeti kubwa za Mikuni zile za kichwa cha pembe sita zinapimwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita. Kwa hiyo 150 ya huku siyo 150 ya kule. Nimemwona mtu akihamisha jeti kutoka kabureta moja kwenda nyingine kwa kuwa "namba ni ileile na nyuzi zimekubali", halafu akashinda wiki nzima akitafuta kosa kwenye koili ya umeme.

Chukua jeti iliyopo sasa, mbili zinazoizidi, na mbili zilizo chini yake. Tano zinatosha. Na jeti iliyoziba usiichokonoe kwa waya wa chuma, shaba ni laini na tundu litapanuka bila wewe kuona. Loweka kwenye dawa ya kabureta, pulizia hewa, basi.

Wenye misumeno ya mnyororo na mashine za kukata nyasi, kabureta zenu nyingi ni za kiwambo, yaani utando mwembamba unaonesa: za kampuni kama Walbro, Zama, Tillotson. Hazina floti, ndiyo maana zinafanya kazi hata ukizigeuza juu chini. Kiti yake ni viwambo na gasketi, na inanunuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye mwili wa kabureta, siyo kwa jina la mashine. Kiwambo kizima kinanesa kama ngozi ya puto. Ukikikunja kikalia kama karatasi ya nailoni, kimekufa. Piga picha mpangilio wa gasketi na kiwambo kabla ya kuvitoa, maana ukivibadilisha nafasi mashine haitawaka na utalaumu kiti.

2. Majani ya ridi

Hapa ndipo ningependa watu waweke pesa kabla ya kabureta. Kuyakagua hakuhitaji kifaa: toa kizimba, kifute, kiinue mbele ya dirisha na utazame kwa upande ule unaoelekea kabureta. Mwanga ukipenya kwenye ncha, jani limepinda. Mstari mwembamba kama unywele unavumilika, na kitabu cha injini yako kitakuwa na kipimo chake. Ukiona ncha imechanika nyuzi, hata kama linafunga, libadilishe. Kuna wanaogeuza jani lililopinda upande wa pili. Linafunga kwa muda, halafu linakatikia palepale lilipozoea kukunjika.

Kwa chombo cha kila siku, nafasi ya kwanza naipa faiba ya kioo. Inavumilia, inaonyesha dalili kabla ya kukatika kwa sababu inaanza kuchanika ncha, na kipande chake kikiingia kwenye injini mara nyingi kinapita bila kuua kitu. Nafasi ya pili ni kaboni: nyepesi, inarudi haraka, inafaa injini inayokaa kwenye resi kubwa. Lakini inataka kukaguliwa mara kwa mara, na kwenye mwendo wa kawaida sijawahi kusikia tofauti inayostahili bei yake. Chuma naiweka mwisho kwa pikipiki. Ni imara, ila siku ikikatika, kipande kinapita kwenye beringi za kranki na kupanda mpaka kwenye pistoni. Injini za boti ni habari nyingine. Nyingi zimetoka kiwandani na ridi za chuma, zinazunguka taratibu zaidi, na zinadumu. Hizo ziache kama zilivyo.

Unene nao una maneno yake. Jani jembamba linafunguka mapema, kwa hiyo injini inavuta vizuri chini, lakini kwenye mzunguko mkubwa linapigapiga bila kufunga sawasawa. Jani nene ni kinyume chake. Majani ya hatua mbili, yaliyoitangaza kampuni ya Boyesen, yanajaribu kupata yote mawili kwa kulalisha jani jembamba juu ya nene lenye dirisha. Kwa pikipiki ya zamani iliyokuja na chuma, hayo ndiyo mabadiliko ambayo mikono yangu iliyahisi siku ya kwanza, hasa kuanzia mwendo mdogo.

Sikrubu za majani ni ndogo na zinakaa mlangoni mwa injini. Zipake gundi ya kufungia nyuzi, kaza kwa bisibisi inayokaa sawasawa kichwani, na ununue gasketi mpya ya kizimba siku hiyohiyo.

3. Kabureta mpya, kipimo kilekile

Kuna wakati kabureta imechoka kweli. Shika slaidi, kile kipande kinachopanda ukifungua mafuta, kwa vidole ikiwa ndani ya nyumba yake, itikise mbele na nyuma. Ikigonga kama jino bovu, hewa inapita pembeni yake na hutapata sailensa tulivu hata ubadilishe jeti zote duniani. Mwili ulioliwa na chumvi au kutu nyeupe nao ni hivyohivyo.

Nunua kipimo kilekile ulichotoa. Kwa aina, Mikuni VM ya slaidi ya mviringo ndiyo chaguo langu kwa matumizi ya kawaida: haina makuu, jeti na sindano zake (sindano ni ile inayoning'inia kwenye slaidi) zinapatikana kirahisi, na mafundi wengi wanaijua. Keihin PWK ni nyepesi mkononi na inaitikia haraka, naiweka ya pili kwa sababu ukikosea kuiseti inakuadhibu haraka vilevile. Dell'Orto ni nzuri kwa skuta na injini ndogo, mradi una uhakika wa kupata jeti zake unakoishi.

4. Kizimba kizima cha majani mengi

Vizimba kama VForce vya Moto Tassinari vina majani mara mbili, hivyo kila jani linafunguka nusu tu ya safari yake na linaishi vizuri zaidi. Ni kitu kizuri. Ila ni kizuri kwa injini iliyokwisha kuwa nzima, yenye pistoni na oili sili zisizo na shaka. Ukikiweka kwenye injini inayonyonya hewa kwenye sili ya kranki, umeivalisha suti maiti.

5. Kabureta kubwa zaidi

Hapa ndipo vijana wananichukia. Pikipiki ya Yamaha RX100 ilitoka na kabureta ya milimita 20. Dada yake RD350 ilitumia mbili za milimita 28, moja kwa kila silinda, na kila silinda ina takriban cc 174. Sasa mtu anachukua 28 anaifunga kwenye RX100 yenye cc 98. Tundu likiwa pana, hewa inapita polepole, na hewa ya polepole haina nguvu ya kuvuta petroli kwenye jeti. Matokeo yake ni injini inayokohoa ukifungua mafuta ghafla, isiyo na nguvu mpaka ifike resi ya juu. Atakuambia YZ125, pikipiki ya mbio ya Yamaha, inatumia 38. Ni kweli, lakini YZ125 ina milango ya silinda, eksozi na ridi zilizochorwa kwa mbio, na hakuna anayeipeleka sokoni kubeba gunia.

6. Kopi zisizo na jina

Za mwisho, na nimezipa nafasi kwa sababu tu zimejaa. Mwili unaweza kuwa mzuri kabisa, tatizo liko kwenye vitu vidogo. Ya kwangu ilikuwa na jeti iliyoandikwa 110, nikaiweka sambamba na 110 ya orijino mbele ya taa, tundu moja lilikuwa kubwa kwa macho tu. Sindano haikuwa na herufi yoyote, slaidi haina namba. Huwezi kuseti kitu kisichojitaja. Ukilazimika kuinunua, badilisha jeti, sindano na floti vavu kwa za orijino, halafu piga hesabu kama bado ni rahisi.

Ukishanunua

Usianze na jeti. Anza kwa kuhakikisha injini hainyonyi hewa ya pembeni: ziba eksozi na mlango wa kuingilia, jaza hewa taratibu kufika kama 0.4 bar, na uangalie kipimo kwa dakika 6. Kikishuka, pakaa maji ya sabuni kwenye gasketi, kwenye mpira wa kabureta na kwenye sili za kranki, utaona mapovu.

Halafu weka jeti kubwa kuliko unayoitarajia na ushuke, usipande kutoka ndogo. Jeti kubwa, ile kuu, inatawala kuanzia robo tatu ya kufungua mafuta hadi mwisho, sindano inashika katikati, slaidi iko chini yake kidogo, na jeti ndogo, ile ya sailensa, pamoja na sikrubu ya kabureta zinashika sailensa hadi kama robo. Rekebisha kila sehemu kwa kiasi chake cha kufungua mafuta. Weka alama ya kalamu kwenye gripu, ndipo utajua uko wapi. Klipu ya sindano ukiipandisha, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Ukiiteremsha, mafuta yanaongezeka.

Sikrubu hiyo ya kabureta inawachanganya wengi. Ikiwa iko upande wa chujio ni ya hewa: ukiifungua mafuta yanapungua. Ikiwa iko upande wa injini ni ya mafuta: ukiifungua yanaongezeka. Anzia zamu moja na nusu kutoka ilipofungwa, na ungoje injini ipate moto kabla ya kuigusa tena.

Plagi isome baada ya mwendo mrefu wa mafuta kamili, ukizima injini hapohapo bila kuiacha ikinguruma. Rangi ya chokoleti ndiyo unayoitaka. Nyeupe, simama, ongeza jeti kabla ya kwenda popote. Na ukipanda nchi ya juu hewa inakuwa nyepesi, jeti iliyokuwa sawa pwani itazidisha mafuta. Kwa hiyo zile tano usizitupe ukishapata inayofaa, zifunge kwenye kichupa chenye kifuniko, na namba ya iliyomo ndani ya injini iandike juu yake.