King'amuzi cha dishi, ununue au ukodi? Nimevipanga kwa ajili ya watu wa Mbeya, Iringa na majirani

Naanza na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo: ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au popote huku nyanda za juu na unataka TV ya dishi, nunua, usikodi, na hela utakayobana kwenye king'amuzi iweke kwenye dishi na fundi. Kukodi kuna watu wake, nitawataja huko chini, ila ni wachache.

Sababu ni hii. Mtu akiingia dukani pale Mwanjelwa au Miyomboni anang'ang'ania bei ya king'amuzi, kijana wa dukani naye anajua hivyo anakutajia ofa, unatoka umefurahi, halafu baadae unagundua king'amuzi ndo kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kinachokula hela ni kifurushi. Chukua hesabu ya mfano tu, bei halisi uliza dukani maana zinabadilika badilika: seti nzima tuseme laki moja, kifurushi elfu 25 kwa mwezi. Ukiisha mwaka vifurushi peke yake vimekula laki tatu. Sasa akija mtu anataka akukodishe hiyo seti kwa elfu nane kwa mwezi inasikika ndogo, ila mwezi wa 13 ushapita bei ya seti na bado sio yako, na siku ukigombana nae anakuja kung'oa dishi watoto wanaangalia katuni.

Ila hesabu inayoua kabisa kukodi ni nyingine. Huku kwetu watu wengi hela inakuja kwa msimu. Viazi vikitoka unalipia kifurushi kikubwa, mpunga ukivunwa Mbarali unalipia, ikifika Januari ada na sare za watoto TV inazimwa miezi miwili na hakuna anayekudai, maana unalipa kwanza ndo unaangalia. Mwezi usipolipia king'amuzi chako hakikugharimu hata shilingi, kimekaa tu pale kwenye kabati. Cha kukodi kinahesabu uwashe usiwashe.

Wenye ndugu Marekani wanapenda kutupigia hadithi kwamba kule risiva unapewa. Ndio, DirecTV tangu Machi 2006 walihamia kukodisha badala ya kuuza, na mtu alikuwa analipa hela dukani kabisa akiamini kanunua kumbe ni malipo ya kuanzia kukodi, akijitoa kifaa kinarudi kwa wenyewe. Uingereza Sky Q nayo boksi ni mali ya kampuni. Lakini kule mtu ana mshahara wa kila mwezi na mkataba mrefu na hela inakatwa benki yenyewe, ukiuleta ule utaratibu kwa mkulima wa Rungwe unamtafutia kesi.

Kabla ya orodha jua na hili, hata ukinunua hujanunua uhuru wote. King'amuzi cha Azam hakifungui DStv, cha DStv hakifungui StarTimes, kila kampuni imefunga matangazo kwa kufuli lake, na kadi ile ndogo mara nyingi mkataba unasema inabaki mali ya kampuni hata kama boksi ni lako. Kwa hiyo chagua kampuni kwanza, na tusidanganyane, kwenye nyumba nyingi kampuni inachaguliwa na mpira. Ukitaka Simba, Yanga na mechi za pale uwanja wa Sokoine Mbeya ni Azam, walisaini na TFF, shirikisho letu la mpira, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ukitaka ligi ya Uingereza ni DStv. Anayetaka vyote viwili ndo yule unamuona ana madishi mawili juu ya bati, namuonea wivu na huruma kwa pamoja.

Haya, orodha.

NAMBA 1: Seti nzima mpya, dukani, na risiti ya EFD

Hapa ndo pa kuweka hela kama una uwezo. Risiti sio kwa ajili ya TRA tu, ndo waranti yako, bila risiti king'amuzi kikizima ndani ya mwezi utaongea mpaka ukauke koo. Hakikisha kimesajiliwa kwa jina lako na namba yako ya simu hapohapo dukani kabla hujatoka, sio jina la muuzaji, maana kuna wauzaji wanasajili kwa namba zao ili wawahi tu kuhudumia foleni, halafu siku unataka kubadilisha kifurushi unaambiwa mwenye akaunti apige simu.

Sasa kwenye dishi naomba nikae kidogo kwa sababu ndo panapotofautisha sisi na watu wa Dodoma. Mawimbi ya haya madishi madogo yanadhoofishwa na mvua kubwa, hiyo ipo dunia nzima, ila sisi mvua tunayo kuanzia Novemba mpaka Aprili na Tukuyu wenyewe mpaka Mei bado wanashika mwavuli. Na ligi inachezwa lini? Haohao miezi. Na mvua inapiga saa ngapi? Jioni, saa ya mechi. Kwa hiyo picha inaganda mshambuliaji akiwa ndani ya boksi, unasikia jirani anashangilia, wewe unaangalia maandishi kwamba hakuna mawimbi. Dawa ya kuiondoa kabisa haipo lakini ya kuipunguza ipo, chukua dishi la sentimita 90 badala ya yale ya 60, tofauti ya bei sio ya kutisha, na mwambie fundi asiridhike picha ikitokea tu. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora, fundi mvivu anakuonyesha ule wa nguvu umejaa anadai hela yake. Wewe angalia wa ubora. Abane abanue mpaka ufike juu kabisa siku ya jua, ile akiba ndo itakayokubeba siku ya mvua.

Milima isikutishe. Nimesikia watu wa Mbeya wanasema mlima Loleza unazuia dishi, hapana, mawimbi yanashuka kutoka juu sana. Satelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki na Mbeya tuko kwenye nyuzi 33 hivi, kwa hiyo dishi linaangalia magharibi likiwa limeinuka zaidi ya nusu ya mbingu. Ya DStv iko nyuzi 36, karibu juu ya utosi. Kinachozuia ni mti. Mkaratusi ulioota magharibi mwa nyumba leo uko usawa wa bati, baada ya misimu michache umeshafunika dishi la Azam na wewe unamlaumu fundi. Migomba nayo hivyohivyo.

Makambako na Mafinga kuna upepo, wa Makambako hauna utani. Dishi likisogea kidogo tu mawimbi yameondoka. Usikubali lifungwe kwenye mbao ya paa, lifungwe ukutani au kwenye bomba lililosimikwa kwa zege, na kama ukuta ni tofali za kuchoma boliti ziwe ndefu maana fupi zinalegea.

NAMBA 2: King'amuzi kitupu, dishi lipo tayari

Hii kwa wapangaji ni nzuri sana na watu hawaijui. Ukihamia nyumba ya Uyole au Kihesa ukakuta mpangaji aliyepita kaacha dishi, muulize mwenye nyumba ni la nani, ikiwa ni la kampuni unayotaka nunua king'amuzi peke yake. Hata kama kuna mpangaji mwenzio anatumia hilo dishi sio shida, fundi anabadilisha LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, anaweka chenye matundu mawili au manne, kila mtu anavuta waya wake na king'amuzi chake na kifurushi chake. Mkuu hapo umebana hela ya dishi na ya usumbufu. Angalia tu waya, kama umekaa juani miaka na ganda limepasuka maji yanaingia ndani, badilisha, usiuonee huruma waya.

Na ukihama kumbuka king'amuzi unabeba mfukoni, dishi unaweza kuliacha au kuling'oa, na hapo ndo utaona raha ya kumiliki.

NAMBA 3: Cha antena

Sio dishi lakini kipo kwenye maduka yaleyale, StarTimes na Continental wanavyo. Ni rahisi kuliko vyote na hakisumbuliwi sana na mvua. Kwa mtu wa Mbeya mjini, Soweto, Mafiati, Iyunga, au Iringa mjini kinamtosha kwa habari na chaneli za nyumbani. Hapa ndo mlima unakuwa adui kweli, kwa sababu mawimbi yanatoka kwenye mnara ardhini, ukiwa bondeni Rungwe au nyuma ya kilima huko Makete unaweza ukainua antena mpaka juu ya mti na usipate kitu. Kabla hujanunua nenda kwa jirani wa nyumba ya pili, sio wa kijiji cha pili, uone chake kinashika nini.

NAMBA 4: Mtumba

Bei inavutia na vingi ni vizima. Masharti yangu: kiwashwe mbele yako, kiwe na kadi yake, rimoti yake na adapta yake ya asili, na mwenye jina lake awepo mpige wote huduma kwa wateja jina lihamishwe kabla hela haijatoka mfukoni. Akisema mwenyewe yuko safari, msubiri arudi. Kikiwa na deni au kimeripotiwa kuibiwa unakuwa umenunua plastiki. Na usinunue wiki ya kuelekea mashindano makubwa, bei zinapandishwa na vibovu vyote vinatolewa stoo, AFCON 2027 ya kwetu na Kenya na Uganda mtaniambia.

NAMBA 5: Kukodi na kulipa kidogo kidogo

Nimeviweka pamoja lakini sio kitu kimoja. Kukodi kwa mtu au kwa mwenye nyumba, ile kodi ya chumba inaongezwa kidogo kisa kuna king'amuzi, kunamfaa aliyepo kwa muda mfupi, mfano kibarua wa ujenzi wa barabara wa miezi mitatu, au mtu wa uhamisho anayesubiri nyumba. Wanafunzi wa MUST na wa Mkwawa nawaambia changeni watu wanne mnunue kimoja, mkimaliza chuo mnauza. Ukikodi andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari nani analipa radi ikipiga, maana huku radi ni jambo la kawaida na waranti nyingi hazihusiki na radi wala umeme uliopanda. Na iwe chako au cha watu, wingu likianza kunguruma chomoa umeme na chomoa waya wa dishi pia, watu wanachomoa umeme wanaacha wa dishi, radi inapitia hapohapo.

Kulipa kidogo kidogo kupitia kampuni za sola ni habari nyingine, unapewa paneli, betri, taa, TV na wakati mwingine dishi, unalipa kwa simu na usipolipa wanakifunga wakiwa ofisini kwao. Jumla yake inazidi bei ya kununua taslimu, hilo lijue. Lakini kijijini ambako umeme haujafika hicho kitu kinakuletea taa pia, hapo sikubishii, ningekipandisha namba mbili. Uliza tu maswali mawili: nikimaliza kulipa kinakuwa changu kabisa? Na TV yenyewe inakubali king'amuzi kingine au imefungwa na cha kwao?

Angalia pia ofa zinazofanana na kununua, king'amuzi bei ya kutupa lakini lazima ulipie kifurushi fulani miezi kadhaa mfululizo. Sio mbaya kama ulikuwa unakilipia hata hivyo. Piga jumla ya miezi yote ndo ulinganishe.

NJE YA ORODHA

Dishi kubwa la futi sita na risiva ya chaneli za bure. Wazee wanalipenda, na kwa kweli kwenye mvua ndo mbabe maana mawimbi yake ni ya aina nyingine, mvua haiyaumizi sana. Hakuna kifurushi. Shida chaneli zinahama au zinafungwa bila taarifa na fundi anarudi kila mara kutafuta upya, kila akirudi anataka hela. Mpira usitegemee.

Cha mwisho kabisa ni vile vya ng'ambo ya mpaka, vinavyoletwa kupitia Tunduma na Kasumulu. Unaambiwa kifurushi cha huko ni nafuu, na labda mwezi huo ni kweli, ila akaunti ni ya Zambia au Malawi, unatafuta mtu wa kukulipia kwa kwacha, chaneli zetu za nyumbani huzipati zote, na kikiharibika duka la Mbeya halikigusi. Agosti 2023 DStv walisimamisha huduma Malawi kwa sababu ya mvutano wa bei na mamlaka ya mawasiliano ya kule, MACRA. Mtu wa Kyela mwenye king'amuzi cha Malawi mgogoro kama huo unamzimia TV na hana hata ofisi ya kwenda kulalamika. GOtv ya huko ndo usiilete kabisa, ni ya antena, inafuata minara yao, ukishaondoka karibu na mpaka haina kazi.

Kwa hiyo ukiwa Tunduma nunua upande huu, na ukiulizwa king'amuzi kiandikwe jina la nani taja lako.